Ukishampa Mwanao, Umempa

Wadogo zangu mnaolea watoto Marekani, wa Columbus na Houston, wa Minneapolis na Louisville, leo tukae tuzungumze kuhusu ile akaunti mliyomfungulia mtoto. Najua inavyoanza. Mtoto amezaliwa, wageni wamekuja na bahasha zao, shangazi katuma chochote kutoka Dar, wenzako wa kazini wamechanga. Unasema moyoni, hela hii tusiile. Usiku mtoto akiwa amelala unaingia kwenye programu ya kampuni ya uwekezaji, unachagua akaunti ya mtoto, unajaza jina lake na namba yake ya Social Security, halafu unajiandika wewe kuwa msimamizi. Umemaliza. Miaka saba baadaye nyumba ya Kibaha imefika kwenye lenta, fundi anadai, zamu yako ya upatu bado, na wewe unakumbuka kwamba kule kwa mtoto kuna dola elfu sita zimekaa tu.

Hapo ndipo swali linapokuja, na limenifikia kwa maneno ya kila namna: "Dada, si hela yangu mwenyewe niliyoweka? Si naweza kuichukua, nikairudisha nikipata?"

Hapana, mdogo wangu. Uliiweka wewe, ni kweli, tena kwa jasho la kubeba maboksi usiku kucha. Lakini siku ulipoiweka, uliitoa. Mwenye mali ni mtoto. Jina lako limo kwa sababu mtoto hana umri wa kusimamia mali yake, kwa hiyo mtu mzima anamshikia. Sheria inaihesabu zawadi hiyo kuwa imekwenda moja kwa moja na haina kurudi. Ukifilisika hairudi. Ukiachana na baba yake hairudi. Mtoto akiwa mtundu, akakujibu ovyo mbele ya wageni, hairudi.

Sheria yenyewe wenyewe huiita UTMA. Ni sheria ya majimbo, haitungwi na serikali kuu ya Washington. Mwaka 1983 tume ya wanasheria inayoandaa sheria za mfano kwa majimbo yote iliandika mfano wake, kisha majimbo yakaupitisha moja baada ya jingine, kila moja likibadilisha hapa na pale. Kabla yake kulikuwa na UGMA ya mwaka 1956, iliyohusu hasa fedha taslimu, hisa, hatifungani na bima. UTMA ikapanua mlango: nyumba, kiwanja, gari, hata haki za kitabu au wimbo, vyote vinaweza kushikwa na msimamizi kwa niaba ya mtoto.

Inafaa ujue kwa nini sheria hizi zilitungwa. Zamani mtu akitaka kumpa mtoto hisa, alikuwa anajitafutia safari. Mtoto hafungwi na mkataba wa kuuza au kununua kama mtu mzima, kwa hiyo mawakala wa hisa walikuwa wanaogopa kufanya biashara naye. Ilibidi mahakama imteue mlinzi wa mali yake, au wakili aandike hati ya udhamini, na vyote viwili vina gharama. Sheria ikaondoa mzigo huo. Leo unatoa mali bila wakili na bila hakimu, kwa kuandika tu kwamba fulani anaishika kama msimamizi wa mtoto fulani chini ya UTMA ya jimbo fulani. Urahisi huo wa kuingiza ndio unaowafanya wengi wetu wadhani kutoa nako ni rahisi vilevile.

Kwa ndugu zangu wa pwani, kuna jambo jingine linalochanganya, na sijaona watu wakilisema wazi. Sisi hiba tunaijua tangu utotoni. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo Waislamu wengi wa pwani yetu wanaifuata, mzazi ana ruhusa ya kurejea hiba aliyompa mwanawe, ruhusa ambayo mtu baki hana. Kwa hiyo mama wa Tanga au wa Lamu anayechota kwenye akaunti ya mwanawe anaweza kuwa na moyo safi kabisa. Hajioni mwizi, anajiona mzazi. Mimi simlaumu. Lakini akaunti iliyofunguliwa Ohio inaendeshwa kwa sheria ya Ohio, na sheria hiyo haina mlango wa mzazi kurejea. Kama unataka kubaki na haki ya kuichukua hela yako siku yoyote, usiitoe kwa njia hii. Iweke kwenye akaunti ya jina lako, uiite ya mtoto moyoni mwako, na kodi yake ulipe wewe.

Sasa, msimamizi anaruhusiwa nini? Anaruhusiwa mengi. Anaweza kutumia hela hiyo kwa manufaa ya mtoto bila kuomba kibali cha mahakama. Masomo ya ziada, kompyuta ya shule, kunyoosha meno, kambi ya likizo, mafunzo ya kinanda, hayo yote ni ya mtoto. Hata tiketi yake ya kwenda Moshi kumwona bibi, ikiwa kiasi kilichopo kinaruhusu, unaweza kuitetea. Yake, nasema. Yako na ya mdogo wake haimo.

Kodi ya nyumba je? Chakula, nguo za baridi, koti? Hapa wengi huteleza. Mavazi, chakula na paa juu ya kichwa ni wajibu wa mzazi kwa sheria, awe na akaunti ya mtoto au asiwe nayo. UTMA inasema wazi kwamba matumizi ya mali ya mtoto ni nyongeza juu ya wajibu huo na hayachukui nafasi yake. Tena ukitumia faida ya akaunti kulipia kitu ambacho sheria inakudai wewe, mamlaka ya kodi, IRS, inaweza kuihesabu faida hiyo kuwa kipato chako.

Nyumba ya Kibaha, basi, haimo kabisa. Najua hoja: "Nyumba si atarithi yeye?" Labda. Lakini leo nyumba ni yako, na pengine ina jina la kaka yako aliyekusimamia ujenzi. Msimamizi anatakiwa kuishughulikia mali hiyo kama mtu mwangalifu anayeshughulikia mali ya mwenzake, aitenge na mali yake mwenyewe, na atunze kumbukumbu za kila kilichoingia na kilichotoka. Mtoto akifika miaka 14 ana haki ya kuziona kumbukumbu hizo, na ana haki ya kwenda mahakamani kudai hesabu. Sisemi mwanao atakushtaki. Mara nyingi si mtoto anayeibua jambo hili. Ni mzazi mwenzako siku ya kesi ya talaka, wakili wake anapoomba taarifa za benki za miaka mitano. Mahakama za Marekani zimewaamuru wazazi kurudisha hela za watoto wao pamoja na riba, na hoja ya "nilikuwa na shida" haikuwasaidia.

Kama umeshachukua, usijifiche. Rudisha. Ukishindwa kwa mkupuo, rudisha kila mwezi, na kila unaporudisha andika tarehe na kiasi, ukitaja kwamba ni marejesho ya kile ulichochukua. Usijaribu kukiita zawadi mpya. Kama kiasi ni kikubwa, mwone wakili wa mambo ya mirathi wa jimbo lako kabla hujaitwa mahali.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, umri. Usimamizi una mwisho. Texas na Minnesota, zawadi uliyompa mtoto anakabidhiwa akifika miaka 21. Kentucky ni 18. California ni 18 pia, isipokuwa mtoaji aliandika umri mkubwa zaidi tangu mwanzo. Yapo majimbo yanayokubali mpaka 25 kwa masharti yake. Siku hiyo ikifika, kilichomo chote ni chake, na huna sauti. Huwezi kusema mpaka umalize chuo. Huwezi kusema ni ya ada tu. Anaweza kununua gari la fahari, anaweza kumkopesha rafiki, anaweza kuifanya mtaji wa biashara nzuri. Na wewe msimamizi ukiendelea kuing'ang'ania baada ya umri kutimia, wewe ndiye unayevunja sheria, hata kama unachohofia ni cha kweli.

Mimi ushauri wangu ni huu na sitaurembesha: katika akaunti ya namna hii weka kiasi ambacho hutaugua akikitumia vibaya. Dola elfu mbili, elfu tano, hela za sikukuu na za bibi, sawa. Ukianza kuzungumzia dola elfu hamsini, au nyumba, tafuta njia nyingine. Na usimfiche mtoto mpaka siku ya mwisho. Akifika miaka 14, mwonyeshe taarifa ya akaunti, mwambie ilikotoka kila dola: hii ya mjomba, hii nililipwa usiku wa Krismasi nikiwa kazini. Kijana aliyeona mali yake ikikua kwa miaka saba hupokea kwa akili tofauti na yule aliyeshtuliwa nayo siku ya kuzaliwa.

Njia nyingine zipo. Kama lengo lako ni shule, kuna akaunti ya 529, iliyowekwa kisheria mwaka 1996. Hapo mwenye akaunti ni wewe, mtoto ni mnufaika tu. Mkubwa akipata ufadhili au akikataa chuo, unaweza kubadilisha jina ukaweka la mdogo wake. Faida haitozwi kodi ya serikali kuu ikitumika kwa masomo yanayokubalika. Ukiitumia kwa mambo mengine, faida inatozwa kodi na faini ya asilimia 10 ya hiyo faida. Angalizo moja: ukihamisha hela iliyokuwa ya UTMA kuingiza kwenye 529, inabaki kuwa ya mtoto yuleyule. Huwezi kutumia 529 kumnyang'anya kwa mlango wa nyuma.

Kuna pia suala la msaada wa ada. Kwenye FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, mali iliyo kwa jina la mwanafunzi huhesabiwa asilimia 20 kuwa inapatikana kulipia chuo kila mwaka, wakati mali ya wazazi haizidi asilimia 5.64, na 529 inayomilikiwa na mzazi iko upande wa wazazi. Fanya hesabu. Dola 10,000 kwenye akaunti ya UTMA zinaweza kuongeza dola 2,000 kwenye kile ambacho chuo kinatarajia familia itoe. Zikiwa 529 ya mzazi, ni kama dola 564 kwa juu kabisa. Kwa familia zetu, ambazo watoto wake wengi wanasoma kwa msaada huo, tofauti hiyo si ndogo.

Kodi nitaipitia haraka. Kwa mwaka 2025, mtu mmoja anaweza kumpa mtoto mmoja mpaka dola 19,000 bila kujaza fomu ya kodi ya zawadi, na mume na mke wakitoa pamoja ni 38,000. Faida inayozalishwa na akaunti ni kipato cha mtoto: kwa mwaka huohuo dola 1,350 za mwanzo hazitozwi, 1,350 zinazofuata zinatozwa kwa kiwango cha mtoto, na zinazozidi dola 2,700 zinatozwa kwa kiwango cha wazazi. Akaunti zetu nyingi hazifiki huko. Yako ikifika, mwambie anayekujazia kodi, asije akajifanya haijui.

Tuje kwenye kifo, maana hatupendi kukitaja na ndiyo sababu kinatukuta hatujajiandaa. Sheria inataka mtoto mmoja awe na msimamizi mmoja. Baba na mama hawawezi kuandikwa pamoja, na mapacha hawawezi kuwekwa kwenye akaunti moja. Sasa huyo mmoja akifa? UTMA inamruhusu msimamizi amteue mrithi wake mapema kwa karatasi yenye tarehe, sahihi yake, na sahihi ya shahidi ambaye si huyo anayeteuliwa. Anayeteuliwa lazima awe mtu mzima, na katika sheria ya mfano mtu mzima ni wa miaka 21, kwa hiyo binti yako mkubwa wa miaka 19 hafai bado. Usipoteua, mtoto aliyefika miaka 14 anaweza kumchagua mtu mzima wa familia yake mwenyewe. Asipofika 14, jambo linaelekea mahakamani. Na mtoto mwenyewe akifariki, Mungu apishe mbali, mali inaingia kwenye mirathi yake, haimrudii aliyeitoa.

Lakini karatasi inayoniumiza zaidi ni fomu ya bima ya maisha ya kazini. Siku ya kwanza ya kazi, iwe hospitalini au kwenye ghala la vifurushi, unapewa rundo la fomu. Unafika penye mnufaika, unaandika jina la mtoto wako wa miaka minne. Umeandika kwa mapenzi, tena ndiye uliyekuwa unamfikiria ukipanda basi asubuhi. Shida ni kwamba kampuni ya bima haitamkabidhi mtoto wa miaka minne hundi. Kama hukutaja msimamizi, sheria ya mfano inairuhusu imkabidhi mtu mzima wa familia, au kampuni ya udhamini, kiasi kisichozidi dola 10,000; majimbo mengine yana kiwango chao. Bima ya dola 100,000 itangoja mahakama imteue mtu wa kulinda mali ya mtoto. Wakati huo bibi yuko Bukoba, dada yako yuko Dubai, na mzazi mwenzako mliyeachana kwa shari anaweza kuwa wa kwanza kufika mbele ya hakimu.

Tiba yake ni mstari mmoja. Penye mnufaika, andika jina la mtu mzima unayemwamini, kisha kwamba ni msimamizi wa mtoto fulani chini ya UTMA ya jimbo lenu. Kama fomu haina nafasi, waulize ofisi ya rasilimali watu; wanalijua neno hilo. Na weka jina la pili iwapo wa kwanza hatakuwepo. Fahamu tu kwamba katika sheria ya mfano, hela inayotoka kwa kampuni ya bima hukabidhiwa mtoto akifika umri wa utu uzima wa jimbo, yaani 18 mahali pengi, hata kama zawadi ya kawaida hungoja 21. Kijana wa miaka 18 aliyefiwa na mama, mwenye laki moja ya dola mkononi: mfikirie huyo. Kwa kiasi hicho ningekushauri umlipe wakili aandike udhamini wenye umri na masharti unayoyataka wewe. Gharama yake huumiza mara moja tu.

Mlioko Texas wenye viwanja Kigamboni au Kitengela, msidhani UTMA inavuka bahari. Ardhi inafuata sheria ya mahali ilipo. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na watoto wenu wengi watakuwa na pasipoti ya bluu ya Marekani. Kenya inakubali uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na asiye raia hupewa umiliki wa kupanga usiozidi miaka 99. Kabla hujamwandikia mtoto kiwanja, suala la uraia wake litangulie, na wakili awe wa huko kiwanja kilipo.

Wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili. Omba kazini nakala ya fomu yako ya bima uone uliandika nini penye mnufaika. Halafu, kama una akaunti ya mtoto, andika nani ataishika baada yako, utie sahihi na tarehe mbele ya shahidi, na mpigie simu huyo uliyemteua umweleze. Ukikwama kwenye maneno ya fomu, niandikie, unitajie jimbo lako.